Bi Asmaa, bibi aliyeulizwa



Ndugu zangu, hapa kwetu Mwankoko akifariki bibi mzee, mtu huuliza alizaliwa lini, na watoto wake hutazamana. Mmoja atasema wakati wa Operesheni Vijiji alikuwa tayari na watoto wawili, mwingine atabisha. Tunakadiria "miaka 90 na kitu", tunaomba dua, tunakula wali, tunatawanyika.

Sasa mtazameni Bi Asmaa bint Abubakar (radhi za Allah ziwe juu yake). Alifariki Makka mwaka 73 Hijria, na umri wake umepokelewa kuwa miaka 100, jino halijang'oka wala akili haijapotea.

Wengi tunamjua kwa ule mshipi alioupasua kufungia chakula cha safari ya Hijra, na khatibu huishia hapo. Mimi napenda zaidi habari iliyomo katika Bukhari. Alipoolewa na Zubayr, mume hakuwa na kitu ila farasi na ngamia wa kuchotea maji. Bi Asmaa alimlisha farasi, alichota maji, alishona ndoo ya ngozi, alikanda unga. Kuoka mikate hakujua vizuri, wakimwokea majirani zake wa Kiansari. Kokwa za tende alizibeba kichwani kutoka shambani, mwendo wa zaidi ya kilomita 3. Siku moja Mtume (s.a.w.) alimkuta njiani na mzigo wake, akampigisha ngamia magoti ili ampakie. Bibi akaona haya kufuatana na wanaume, akakumbuka na wivu wa mumewe. Mtume akalitambua hilo, akaenda zake. Zubayr aliposikia, alisema kumwona akibeba kokwa kunamuuma kuliko kama angepanda.

Hebu fikirini, mpaka habari ya mikate! Tumeipata kwa sababu mwanawe Urwa alikaa akamsikiliza. Bibi zetu nao wamebeba kuni na mtama kwenye njia hizi hizi, wametwanga uwele, wamezika watoto. Simu tunazo mifukoni, zinarekodi, na bado tunasubiri msibani ndipo tuulizane.

Naye Fatima bint Mundhir, mjukuu wa Bi Asmaa, alipokea kwa bibi yake habari ya swala ya kupatwa kwa jua. Akampa mumewe Hisham, mtoto wa Urwa, mjukuu vilevile. Ndiyo maana vitabuni mnakuta: Hisham kutoka kwa Fatima, kutoka kwa Asmaa. Sanadi hiyo yote ni ya ukoo mmoja.