Trekta na Mashudu

Kwenye mashine za kukamua alizeti, kama zile zilizojaa Singida, kila anayeingia hutazama upande mmoja tu: pale mafuta yanapochuruzika kwenye ndoo. Upande wa pili mashine inatema mashudu, vipande vikavu vya rangi ya majivu, na kijana mwenye koleo anayasomba kwenye viroba bila mtu kumjali. Mjadala wa biodizeli nao umeendeshwa vivyo hivyo. Ahadi yake ni tamu: mkulima apande, akamue, kisha aendeshe trekta lake kwa zao la shamba lake. Watu wakapiga hesabu za ndoo. Mimi nimelinganisha nchi kadhaa zilizolichukua wazo hili kwa uzito, na kila mara nimejikuta narudishwa kwenye viroba. Trekta lilikunywa mafuta ya shambani pale ambapo mashudu yalikuwa na mlaji wake tayari. Pasipokuwa na mlaji, trekta lilirudi kituo cha mafuta.

Tuanze na Austria na Ujerumani, kwa kuwa huko kazi hii iliangukia mikononi mwa wakulima wenyewe. Austria ilianza kujaribu matrekta kwa mafuta ya rapa, mmea wa maua ya njano wa ukoo wa kabichi, huko Wieselburg mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1991 ikatoa kiwango rasmi cha ubora wa biodizeli, kabla ya nchi nyingine yoyote. Katika mji mdogo wa Mureck, karibu na mpaka wa Slovenia, wakulima walijijengea kiwanda cha ushirika: mtu analeta mbegu, anaondoka na mafuta ya trekta na mashudu ya mifugo. Hapo ndipo penye siri. Mkulima huyo alikuwa na ng'ombe zizini na nguruwe bandani, na chakula chao cha protini kilikuwa kikiletwa kwa meli kutoka Amerika kama mashudu ya soya. Sehemu kubwa ya mbegu ya rapa, kwa uzito, hubaki kuwa mashudu. Kwa hiyo hata kabla hajamimina tone moja kwenye tangi, alikuwa ameshaokoa fedha.

Sera nayo ilimsukuma. Kuanzia mageuzi ya mwaka 1992, Jumuiya ya Ulaya iliwalipa wakulima waache sehemu ya ardhi bila kulimwa, maana nafaka ilikuwa imezidi maghalani, lakini ikawaruhusu kupanda humo mazao yasiyoliwa na watu. Rapa ya injini ikapenya kwenye mlango huo. Ujerumani ikaenda mbali zaidi, ikajaribu mafuta mabichi ya rapa yasiyopitia kiwandani kabisa. Kati ya 2001 na 2005 matrekta zaidi ya mia moja yalifungwa vifaa vya kupasha mafuta joto na kufuatiliwa na Chuo Kikuu cha Rostock. Mengi yalimaliza bila hitilafu au kwa hitilafu ndogo. Mengine yaliharibika vibaya: mafuta ambayo hayakuungua yalipenya kwenye ringi za pistoni, yakachanganyika na oili ya injini, na oili ikaanza kuganda. Kosa halikuwa la injini peke yake. Mashine ndogo za shambani zilikuwa zikitoa mafuta machafu, leo hivi, kesho vile.

Wajerumani wana hesabu wanayoirudia sana: kama sehemu moja ya kumi ya ardhi ya shamba ingepandwa rapa, ingetosha kuendesha mashine zote za shamba hilo. Anayeona hiyo ni ardhi nyingi akumbuke kwamba kabla ya trekta, farasi na nyumbu wa Marekani walikuwa wakila karibu robo ya ardhi yote iliyolimwa. Nguvu ya shamba siku zote imekula shamba. Jipya ni dizeli ya visimani, iliyompa mkulima nguvu isiyoomba sehemu ya mavuno.

Afrika Kusini ilifika kwenye biodizeli kwa njia isiyo na fahari. Ilikuwa imewekewa vikwazo vya mafuta kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na baada ya mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979 ikampoteza muuzaji wake mkubwa. Mwaka 1980 wahandisi wa kilimo wa huko walitoa matokeo ya matrekta yaliyoendeshwa kwa mafuta ya alizeti. Mwanzoni yalikwenda bila shida, lakini baada ya muda nozeli zikavaa masizi magumu, mafuta yakaacha kupuliziwa kama mvuke, yakawa yanatiririka. Dawa waliyoipata ndiyo inayotumika mpaka leo. Mafuta huchanganywa na methanoli na kostiki soda. Mafuta huvunjika kuwa esta, ambayo ni nyepesi na inapulizika vizuri, na glisarini huzama chini, inaondolewa. Ni kazi ya jirani na kutengeneza sabuni, na fundi asiyekuwa makini huishia kupata sabuni kweli. Kampuni moja ya Austria ilichukua ujuzi huo kutoka kwa wahandisi hao, na mwishoni mwa muongo uleule ikawa na kiwanda kinachozalisha. Afrika Kusini yenyewe haikuendelea: ilikuwa na makaa ya mawe na viwanda vya Sasol vya kuyageuza petroli na dizeli, na alizeti ikarudi jikoni.

Marekani sina mengi ya kuisemea, kwa sababu huko jambo liko wazi mno. Punje ya soya ina mafuta karibu asilimia 20 tu. Inalimwa hasa kwa ajili ya mashudu ya kuku na nguruwe. Mafuta yalikuwa yakibaki, yanashusha bei, na mwaka 1992 wakulima wa soya wakaunda bodi yao ya kuyatafutia soko kwenye injini. Minnesota ililazimisha asilimia 2 ya biodizeli katika dizeli yote mwaka 2005, na kufikia 2018 asilimia 20 kwa miezi ya joto. Trekta la Minnesota linachoma masalia ya chakula cha kuku.

Sasa tuje kwetu, ambako hadithi hii ina umri mrefu kuliko watu wanavyodhani. Hati ya kwanza ya ugunduzi inayoelezea kitu tunachokiita leo biodizeli ilitolewa Ubelgiji tarehe 31 Agosti 1937 kwa G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels. Mafuta aliyoyafikiria yalikuwa mawese ya Kongo. Mwaka uliofuata basi la abiria lilitembea kati ya Brussels na Leuven kwa esta ya mawese. Jasho la wachumaji wa chikichi lilisukuma basi la Ulaya, na sioni popote katika hadithi hiyo trekta la Mkongo. Karibu miaka kumi baadaye Waingereza walileta Tanganyika mpango wa karanga, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta, mengine yaliyogeuzwa kutoka vifaru vya vita, yalichoma dizeli iliyosafirishwa kutoka mbali ili Uingereza ipate majarini. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mpango ulipovunjwa mwaka 1951 ulikuwa umenunua karanga nyingi za mbegu kuliko ulizovuna.

Kisha ukaja mbono kaburi. Miaka ya 2000 tuliambiwa kwamba mti huu, ambao wazee waliupanda kuwa ua, unastawi kwenye ardhi iliyochoka, hauhitaji maji, na mbuzi hawaugusi. Mwaka 2009 kampuni ya Kiingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe kwa miaka 99. Kufikia 2011 ilikuwa imeanguka. Bila mbolea na mvua ya kutosha mbono ulizaa kidogo, kama zao lingine lolote. Lakini kwangu mimi lile la mbuzi ndilo lililopaswa kutushtua mapema. Mashudu ya mbono yana sumu. Mkulima hana cha kumpa ng'ombe, hana cha kuuza kwa mfugaji, anabaki na mbolea na ndoo moja ya mafuta inayotakiwa kulipa gharama zote peke yake. Zao lisilo na kazi nyingine lilisifiwa kwa sababu halina kazi nyingine.

Hoja hii haimalizi kila kitu, kwa sababu alizeti ya Singida ina mashudu mazuri na bado matrekta ya Singida yanakunywa dizeli. Chukua ekari moja inayotoa kilo 400 za mbegu. Mashine ya kawaida itakupa mafuta lita 100 hivi. Trekta lenye plau ya sahani tatu hutumia lita 8 mpaka 10 kwa ekari, kwa hiyo ekari moja ya alizeti ingelima ekari kumi, karibu sawa na ile sehemu ya kumi ya Wajerumani, ingawa hapa ni kulima tu. Kinachokwamisha ni bei. Nchi imekuwa ikiagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula, na kwa kawaida lita ya alizeti huuzwa ghali kuliko lita ya dizeli. Mwenye akili timamu atauza alizeti na kununua dizeli. Tena methanoli ingetoka nje, na Massey Ferguson 135 ya zamani ingehitaji kwanza kubadilishiwa mipira ya mafuta, ambayo biodizeli huilainisha, na filta kila mara hadi uchafu wa miaka mingi kwenye tangi uishe.

Kinachotakiwa basi ni mafuta yasiyogombaniwa na kikaango, yenye mashudu yanayolika. Karibu na Nanyuki kuna kampuni inayonunua kokwa za mti ambao Wakikuyu huuita mukinduri. Hakuna anayezila, watu wanaziokota chini ya miti iliyokwishaota yenyewe. Mafuta yake yanaweza kuendesha jenereta na pampu za dizeli, mashudu yanaingia kwenye chakula cha kuku, na maganda kwenye mbolea. Si mbali na hapo, kwenye mashamba ya ngano ya Timau, matrekta makubwa yanachoma dizeli iliyopakuliwa Mombasa. Kama ningeambiwa nichague mahali pa kujaribu yale ya Mureck katika Afrika Mashariki, ningeenda huko, na swali la kwanza ningemuuliza mfugaji wa kuku ananunua kiroba kwa shilingi ngapi.