Damu ya Mjomba

Mjomba wangu wa Kilwa Kivinje alifariki mwaka 1998, umri wake umepita miaka sabini. Alikuwa akitoka damu kila aendapo haja kubwa. Haikumuuma, ilikuja na kupotea. Wengine walisema bawasiri, wengine safura, na wengine walinong'ona kwamba amechezewa. Mwenyewe alichukia kuulizwa. Mara tatu aliongezewa damu hospitalini, na mara tatu akarudi nyumbani bila kuambiwa jina la ugonjwa. Alipoandikiwa kwenda Dar es Salaam, mvua zilikuwa zimekata barabara, na kivukoni Ndundu mto Rufiji umefurika. Hakufika.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba maradhi yale hayakuwa na dawa. Nilikosea. Tangu mwaka 1868 daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, alikuwa amepitisha bomba hadi tumboni mwa mtu aliyezoea kumeza panga kwa maonyesho. Mwaka 1957, huko Marekani, Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, alitumia mpira wenye nyuzi za kioo, unaopinda na kuleta picha ya ndani. Mwaka 1969 William Wolff na Hiromi Shinya, mjini New York, waliondoa kinyama ndani ya utumbo mpana bila kupasua tumbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wajerumani wakaanza kupitisha gesi ya agoni ndani ya mpira kama huo. Umeme husafiri katika gesi ile na kuchoma mshipa unaovuja pasipo kuugusa. Kumbe mjomba alipokuwa akififia, tiba ilikwisha kuwako.

Mwaka 2014 mama naye alianza kutoka damu vivyo hivyo. Daraja la Mkapa lilikuwa limefunguliwa tangu 2003, nasi tulifika Dar es Salaam siku ileile. Alikunywa dawa ya kusafisha tumbo, na kesho yake akapimwa. Baadaye daktari alituonyesha picha: vidoa vyekundu, mishipa midogo iliyotanuka kwa uzee. Alikuwa amevichoma kimoja kimoja, akatuonya kwamba vingine vyaweza kuota.

Mama aliitazama picha ile kwa muda mrefu. "Mwanangu, ni hiki tu kilichomwua kaka yangu?"

Sikuwa na jibu. Huenda ugonjwa wa mjomba ulikuwa mwingine. Hakuna aliyepata kumtazama ndani. Wazee wetu husema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nawasihi watu wa pwani wasione haya kuitaja damu. Lakini kosa halikuwa la haya yake peke yake. Tiba ilikuwa ng'ambo ya mto.