Mikahawa ya Sinia katika Uswisi

Wengi hudhani kuwa mkahawa wa kujihudumia, ambamo mteja hushika sinia mwenyewe, akapita mbele ya vyakula na kulipa kabla ya kuketi, ulizaliwa na haraka ya miji mikubwa. Na kwa Berlin ya mwaka 1895 na Philadelphia ya mwaka 1902, zilikofunguliwa nyumba ambamo sarafu ilitumbukizwa na kidirisha cha chakula kikafunguka, dhana hiyo ina ukweli. Lakini katika Uswisi, nchi ndogo isiyo na pwani, asili yake yataka kutafutwa pia katika vita dhidi ya ulevi.

Mwishoni mwa karne ya 19, mfanyakazi wa Zürich aliyetaka chakula cha mchana aghalabu hakuwa na pa kwenda ila kilabuni, na kukaa humo bila ya kuagiza kinywaji ilikuwa karaha kwa mwenye nyumba. Ndipo mwaka 1894 Bibi Susanna Orelli na wanawake wenziwe walipounda jumuiya, wakafungua nyumba ya kahawa isiyouza pombe, ambamo mtu hakushurutishwa kununua kitu, na watumishi, ambao walikatazwa kupokea bakshishi, walilipwa mshahara maalumu. (Kwa msomaji wa pwani yetu, mkahawa usio na pombe si jambo la kusimuliwa, lakini huko ulikuwa bidaa.) Chuo Kikuu cha Zürich kilimtunukia bibi huyo shahada ya heshima ya udaktari mwaka 1919.

Aliyemwondoa mtumishi kabisa ni mfanyabiashara. Gottlieb Duttweiler, aliyeanzisha biashara ya Migros mwaka 1925 kwa malori matano na bidhaa sita, naye pia akikataa kuuza pombe, alifungua mjini Zürich, mwaka 1948, duka ambamo mnunuzi alijichukulia bidhaa mwenyewe. Na aliyekwisha kuzoea kujitwalia sukari rafuni hakuona ajabu, mikahawa ilipofuata madukani, kujichukulia supu, hasa kwa kuwa ujira wa watumishi ulikuwa ghali na bei ya chakula ilishuka kwa kuondolewa kwao.

Katazo la pombe nalo lilidumu: mwaka 2022 wanachama wa ushirika wa Migros waliulizwa kama pombe iuzwe madukani mwao, na mashirika yake yote kumi ya mikoa yakakataa. Hata hivyo Denner, kampuni ambayo Migros ilianza kuimiliki mwaka 2007, huuza mvinyo bila ya kuona haya.