Kanda za RTLM na hesabu ya maneno ya chuki

Anayezungusha kitufe cha redio mjini Kamembe husikia nchi mbili. Upande wa Rwanda kuna Redio Rwanda na Radio Rusizi. Kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi zinaingia stesheni za Bukavu, nchini Kongo, mojawapo ikiwa Radio Maendeleo iliyoanzishwa mwaka 1993, na Kiswahili chao cha Kivu hakimpi taabu mfanyabiashara wa Kamembe anayevuka mpaka kila asubuhi. Mwaka huohuo wa 1993, tarehe 8 Julai, ilianza kurusha matangazo mjini Kigali redio nyingine, Radio Télévision Libre des Mille Collines, ambayo wengi waliiita RTLM, na ambayo ilichochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Haikudumu hata miezi kumi na minne. Hata hivyo, kanda zake zimesikilizwa, zikanukuliwa na kuhesabiwa neno kwa neno.

Kazi hiyo ya kuhesabu wataalamu huiita uchambuzi wa maudhui. Haikuzaliwa Rwanda. Mwaka 1927 Mmarekani Harold Lasswell alichapisha kitabu kuhusu propaganda za Vita ya Kwanza ya Dunia, akionyesha jinsi kila serikali ilivyomchora adui wake. Vita ya pili ilipofika, wachambuzi mjini Washington walikaa na redio za Ujerumani wakibashiri mipango ya Hitler kutokana na yale ambayo watangazaji wake walisema, na yale waliyoacha ghafla kuyasema. Mwaka 1952 Bernard Berelson aliipa kazi hiyo kanuni zake: chagua sampuli kwa utaratibu unaoeleweka, amua utahesabu nini (neno, sentensi au habari nzima), andika maana ya kila kundi, kisha wape watu wawili kazi ileile bila kuonana. Wakitofautiana mno, tatizo liko kwenye maelezo uliyowapa, na hesabu inarudi mwanzo.

Kanuni hizo ni rahisi kuzisema. Kinyarwanda cha RTLM kilizitoa jasho.

Chukua neno inyenzi, yaani mende. Katika miaka ya 1960 liliwahusu wapiganaji wa Kitutsi waliokuwa uhamishoni na kuvamia nchi. Kufikia 1994 mtangazaji aliweza kulitumia kwa askari wa kundi la waasi la RPF katika sentensi moja, na katika sentensi inayofuata likamwangukia jirani Mtutsi aliyejifungia nyumbani na watoto wake. Gukora, kufanya kazi, nalo liligeuka kuwa amri ya kuua. Kompyuta italihesabu neno na kutoa jumla, lakini haitajua ni mara ngapi lilimlenga askari na ni mara ngapi lilimlenga raia. Ndiyo sababu Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimwita mtaalamu wa isimu Mathias Ruzindana kueleza matumizi ya maneno hayo, akiwa pamoja na mwanahistoria Mfaransa Jean-Pierre Chrétien. Chrétien na wenzake walikuwa wamekwisha kukusanya magazeti na kanda za wakati ule na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1995.

Kesi yenyewe, iliyojulikana kama kesi ya vyombo vya habari, ilianza Oktoba 2000. Washtakiwa walikuwa watatu: Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waasisi wa RTLM, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, lile lililochapa "Amri Kumi za Wahutu" Desemba 1990. Tarehe 3 Desemba 2003 wote walitiwa hatiani. Nahimana na Ngeze walipewa kifungo cha maisha, Barayagwiza miaka 35. Wengi walidhani mambo yameishia hapo.

Rufaa ya Novemba 2007 ikaurudisha mjadala kwenye swali ambalo kila mchambuzi wa maudhui anapaswa kujiuliza: maneno haya yalisemwa lini, na yalileta nini? Majaji wa rufaa waliyatenga matangazo ya kabla ya 6 Aprili 1994, siku ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa, na yale ya baada yake. Ya baada, walisema, yalichangia mauaji kwa kiasi kikubwa. Kuhusu ya kabla, ushahidi haukutosha. Hukumu kadhaa zilifutwa na vifungo vikapungua: Nahimana miaka 30, Ngeze 35, Barayagwiza 32.

Mwandishi wa habari kutoka Kenya, Mary Kimani, alizichambua kanda hizo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, na alichokuta kinawashangaza wanaodhani RTLM ilikuwa ikipiga kelele za "ueni" kutwa kucha. Wito wa wazi wa kuangamiza ulikuwepo, lakini tuhuma zilikuwa nyingi zaidi: RPF wameua hapa, Watutsi wanataka kuwatawala, njama inapikwa. Msikilizaji alitiwa hofu kwanza. Panga lilifuata.

Lakini je, kila aliyeua alikuwa amesikiliza? Hapo watafiti wamegawanyika. Mwaka huohuo wa 2007 Scott Straus, aliyekuwa amewahoji wafungwa zaidi ya 200 waliokiri kuua, aliandika kwamba wengi wao walisukumwa zaidi na viongozi na majirani waliokuja mlangoni kuliko na redio. Mwaka 2014 David Yanagizawa-Drott alitumia ramani za milima ya Rwanda, akilinganisha vijiji vilivyopata mawimbi ya RTLM na vile vilivyozibwa na vilima, akakadiria kuwa redio ilihusika na takriban asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji, yaani watu wapatao 51,000. Ni idadi ya kutisha. Vilevile ina maana kwamba sehemu kubwa ya ushiriki ilitokana na mambo mengine.

Cyangugu, mkoa ambao Kamembe ilikuwa mji wake mkubwa wa biashara, unalidhihirisha hilo. Kesi yake ya Arusha ilihusu mikutano, wanajeshi, vizuizi vya barabarani na Watutsi waliokusanywa katika uwanja wa Kamarampaka. Februari 2004 aliyekuwa mkuu wa mkoa, Emmanuel Bagambiki, na waziri André Ntagerura waliachiwa huru. Luteni Samuel Imanishimwe alitiwa hatiani, na mwaka 2006 kifungo chake kikapunguzwa kutoka miaka 27 hadi 12. Anayetaka kuyaelewa yaliyotokea kona hii ya nchi kwa kusoma manukuu ya RTLM peke yake atatoka na nusu ya habari.

Watafiti wamejaribu pia kupima dawa ya chuki hiyo. Mwaka 2004 igizo la Musekeweya, kisa cha vijiji viwili vya Bumanzi na Muhumuro, lilianza kusikika redioni. Elizabeth Levy Paluck alivigawa vikundi vya wasikilizaji, vingine vikapewa Musekeweya na vingine igizo la afya, kisha akavifuatilia kwa mwaka. Matokeo yake, yaliyochapishwa 2009, yanataka kusomwa kwa utulivu: imani za watu moyoni hazikubadilika sana, ila walibadili mawazo yao kuhusu kinachokubalika mbele ya wenzao, na walithubutu zaidi kupinga hadharani. Shuleni kuipata dawa hiyo kulikuwa kugumu zaidi. Baada ya 1994 somo la historia lilisimamishwa kwa miaka mingi, kwa kuwa vitabu vya zamani navyo vilikuwa vimewapanga Wanyarwanda kwa makabila.

Siku hizi maneno yanapita kwenye simu. Alice Wairimu Nderitu, Mkenya aliyekuwa mshauri wa Umoja wa Mataifa wa kuzuia mauaji ya kimbari hadi Novemba 2024, alionya mara kadhaa kuhusu matamshi ya chuki mashariki mwa Kongo. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, umbali wa daraja moja tu kutoka Rusizi, wilaya ya Kamembe. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unaopita huko unachanganya Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa na Mashi, na mchambuzi wa Geneva au New York hataujua utani wake wala tusi lake. Vyuo vya Rwanda na Kivu vinavyofundisha uandishi wa habari viwatafute vijana wa Kamembe na Bukavu wanaozijua lugha hizo, viwafundishe kanuni za Berelson, na viwape kazi hiyo sasa.