Mbuksi

Mbuksi (jina la kisayansi: Buxus sempervirens) ni kichaka au mti mdogo wa familia ya Buxaceae ambao hubaki na majani mabichi mwaka mzima. Asili yake ni Ulaya ya kusini na ya magharibi, milima ya Moroko na Algeria, Uturuki na nchi za Kaukazi. Hupandwa sana bustanini kama wigo mfupi, kama mpaka wa vitalu vya maua, na kama kichaka kinachokatwa kwa umbo la mpira, pia au mnyama. Tangu miaka ya 1990 mmea huu umeshambuliwa na ugonjwa wa kuvu, na tangu 2007 hivi na nondo aliyetoka Asia ya Mashariki. Kwa sababu hiyo utunzaji wake leo si ule uliofundishwa katika vitabu vya zamani.

Jina

Jina linatokana na neno la Kilatini buxus, ambalo lina uhusiano na neno la Kigiriki pyxos. Wagiriki walichonga vijaluba vyenye vifuniko kwa ubao wa mti huu, wakaviita pyxis. Neno hilo lilipita katika Kilatini, likaingia Kiingereza na hatimaye Kiswahili kama "boksi". Kwa hiyo msomaji ambaye hajauona mti huu hata mara moja hutaja jina lake karibu kila siku.

Maelezo

Majani ya mbuksi ni madogo, yenye urefu wa sentimita 1.5 hadi 3, magumu kidogo na yenye kung'aa. Hukaa mawili mawili, yakitazamana kwenye kijiti. Maua ni ya rangi ya manjano-kijani, hayana petali wala hayavutii macho, lakini nyuki huyapenda. Tunda ni kidonge chenye sehemu tatu ambacho hupasuka na kurusha mbegu nyeusi. Majani yana harufu ya pekee, hasa juani baada ya mvua. Wengine huipenda, wengine huifananisha na mkojo wa paka.

Mmea ukiachwa bila kukatwa huweza kufika mita 5 na hata zaidi, lakini huchukua miaka mingi sana. Ukuaji wa kawaida ni sentimita 10 hadi 15 kwa mwaka, na aina fupi inayoitwa 'Suffruticosa' hukua polepole zaidi. Jambo hili ndilo msingi wa mengine yote katika utunzaji wake: wigo wa mbuksi unaofika kiunoni ni kazi ya miaka mingi, na ukifa haurudi kwa msimu mmoja kama mchongoma uliokatwa.

Ubao wake ni mzito na wenye nyuzi laini mno. Ukiwa mbichi huzama majini. Zamani ulitumika kwa filimbi, zumari, vitana, rula na vipande vya mchezo wa sataranji. Mwingereza Thomas Bewick (1753–1828) alichonga picha zake maarufu za ndege na wanyama kwenye ncha ya gogo la mbuksi, mahali ambapo nyuzi zimesimama wima, na ubao ukastahimili maelfu ya nakala za uchapaji.

Sehemu zote za mmea zina alkaloidi za sumu. Ng'ombe, farasi na nguruwe wamekufa kwa kula matawi yaliyokatwa na kutupwa malishoni. Takataka za kupogoa zisirushwe upande wa pili wa ua penye mifugo.

Spishi nyingine

Jenasi Buxus ina spishi 70 au zaidi, na Kuba peke yake ina zaidi ya 30. Afrika nayo ina zake. Buxus obtusifolia humea katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ingawa wapanda bustani wachache wanaijua. Buxus macowanii ni ya Afrika Kusini. Bustanini spishi muhimu baada ya ile ya Ulaya ni mbuksi wa majani madogo (Buxus microphylla) wa Asia ya Mashariki, pamoja na mbuksi wa Korea unaostahimili baridi kali. Machotara ya mbuksi wa Korea na ule wa Ulaya, kama 'Green Velvet' na 'Green Mountain', yalitolewa Kanada na sasa hupandwa sana Amerika ya Kaskazini.

Historia bustanini

Warumi walikuwa na mafundi wa kukata mibuksi. Plinio Mdogo, katika barua inayoeleza nyumba yake ya Toskana, anataja mibuksi iliyokatwa kwa umbo la wanyama, na mingine kwa umbo la herufi za jina la bwana wa nyumba na la fundi mwenyewe. Katika karne ya 16 na ya 17 bustani za Italia, Ufaransa na Uingereza zilijaa mapambo ya mibuksi mifupi iliyopandwa kama nakshi ya zulia. Ya Versailles ndiyo yanayojulikana zaidi. Walowezi wa Kiingereza waliupeleka mmea huu Amerika, na mpaka leo mibuksi mikubwa ni sehemu ya sura ya bustani za kale za Virginia.

Katika nchi za Ulaya ambako minazi na mitende haimei, Wakristo wengi hubeba matawi ya mbuksi siku ya Jumapili ya Matawi. Huko Georgia sikukuu hiyo yenyewe huitwa Bzoba, kutokana na bza, yaani mbuksi.

Kupanda

Mbuksi ni mmea wa nchi zenye majira ya baridi. Joto lenye unyevu la pwani ya tropiki haliufai. Miezi inayotajwa hapa ni ya nusu ya kaskazini ya dunia. Katika nusu ya kusini iongezwe miezi sita.

Mmea haubagui sana udongo, na porini mara nyingi humea juu ya mawe ya chokaa. Kiwango cha pH cha 6.5 hadi 7.5 kinaufaa, udongo wenye uchachu mwingi huongezewa chokaa. Usichovumilia ni maji kutuama. Mizizi yake ni myembamba, mingi, na iko karibu na uso wa ardhi. Ikikaa majini huoza, na majani hugeuka manjano hafifu huku mwenye bustani akidhani mmea una kiu. Wengi huongeza maji hapo, na ndipo mmea unapomalizika.

Wakati mzuri wa kupanda ni Septemba na Oktoba, au mwanzo wa majira ya kuchipua. Shimo lichimbwe kwa upana wa mara mbili ya fungu la mizizi, lakini lisizidi kimo chake. Fungu likae juu kidogo ya usawa wa ardhi, kwa kuwa litazama lenyewe udongo ukishatulia. Kuzika shina ni kosa la kawaida kwa wanaoanza. Kwa wigo mfupi miche hupandwa kwa nafasi ya sentimita 15 hadi 20. Kwa wigo mkubwa zaidi, sentimita 30 hadi 40. Matandazo ya sentimita 3 hadi 5 huwekwa juu ya mizizi bila kugusa shina. Jembe lisipite hapo. Magugu yang'olewe kwa mkono.

Mwaka wa kwanza mmea humwagiliwa kwa kina mara moja kwa wiki mvua isiponyesha. Maji yaelekezwe chini kwenye udongo. Zamani kumwagia juu ya majani kulihesabiwa kuwa kuosha vumbi, leo ni kualika ugonjwa.

Miche mipya hupatikana kwa vipandikizi. Vijiti vya sentimita 10 vya mwaka huo hukatwa kuanzia Julai hadi Oktoba, majani ya chini huondolewa, kisha vijiti huchomekwa katika mchanganyiko wa mchanga na mboji kivulini. Mizizi huchukua miezi kadhaa. Kuvuta kijiti kila wiki ili kuona kama kimeshika ni njia ya uhakika ya kukizuia kisishike.

Kupogoa

Kazi kubwa ya kukata hufanyika mara moja kwa mwaka, machipukizi ya kwanza yakishakomaa. Nchini Uingereza wapanda bustani wa zamani waliifungamanisha na siku ya mbio za farasi za Derby huko Epsom, mwanzoni mwa Juni. Mkato mwepesi wa pili huweza kufuata Agosti. Baada ya hapo mikasi iwekwe, kwa sababu machipukizi ya Oktoba huunguzwa na jalidi. Siku ya jua kali haifai pia: majani ya ndani, yasiyozoea mwanga, yakifunuliwa ghafla huungua na kuwa meupe. Siku ya mawingu, lakini kavu, ndiyo bora.

Kukata juu juu tu mwaka baada ya mwaka hutengeneza ganda jembamba la majani mengi nje na vijiti vitupu ndani. Wigo wa namna hiyo huonekana nadhifu, lakini hewa haipiti, na unyevu wa usiku hukaa mpaka mchana. Dawa yake ni ya kizamani, na huko Virginia haijasahauliwa: mkono huingizwa kichakani wakati wa baridi, na vitawi vyenye urefu wa sentimita 15 hivi huvunjwa au kukatwa hapa na pale hadi mwanga ufike katikati. Baada ya mwaka mmoja au miwili vijiti vya ndani huchipua tena. Wigo uliopunguzwa hivyo hauna uso laini kama ukuta uliopigwa lipu, na wenye kupenda mistari iliyonyooka huukataa. Mtazamo wao unaeleweka, lakini wigo wao ndio unaougua kwanza.

Ugonjwa wa mnyauko

Ugonjwa mbaya kuliko yote husababishwa na kuvu Calonectria pseudonaviculata. Uligunduliwa Uingereza katikati ya miaka ya 1990, ukaonekana Nyuzilandi 1998, Georgia 2010 na Marekani 2011. Dalili ni madoa ya kahawia yenye kingo nyeusi kwenye majani, michirizi myeusi kwenye vijiti vya kijani, kisha majani kupukutika kwa wingi katika siku chache, kwa kawaida kuanzia chini kwenda juu.

Kuvu huhitaji majani yenye maji kwa saa kadhaa na joto la kati ya 18 na 25°C. Spora zake zinanata. Hazisafiri mbali kwa upepo, bali kwa matone ya maji, mikasi, viatu, nguo, na zaidi ya yote kwa miche iliyonunuliwa. Huishi miaka kadhaa katika majani yaliyoanguka. Viuakuvu huzuia maambukizi mapya, lakini haviponyi tawi lililokwisha kuambukizwa, na vingine huficha dalili kwenye miche ya dukani hadi dawa iishe nguvu.

Hivyo kinga ndiyo tiba. Miche mipya itengwe mbali na ya zamani kwa miezi michache. Mikasi isafishwe kwa spiriti kati ya wigo mmoja na mwingine. Mimea isikatwe ikiwa na maji. Panapotokea ugonjwa, matawi yaliyoathirika hukatwa, majani yaliyoanguka hukusanywa yote pamoja na tabaka la juu la matandazo, na vyote huchomwa au kufukiwa. Visitupwe katika lundo la mboji. Aina ya 'Suffruticosa', ile ile iliyopendwa kwa karne nyingi, ndiyo inayougua upesi kuliko nyingine. Mibuksi ya majani madogo na ya Korea hustahimili zaidi, ingawa hakuna iliyo salama kabisa.

Nondo wa mbuksi

Nondo Cydalima perspectalis alifika Ujerumani pamoja na mimea ya biashara na kutambuliwa mwaka 2007. Leo yuko karibu kote Ulaya. Alionekana Toronto 2018 na jimbo la New York 2021. Mabawa yake ni meupe yenye kingo za kahawia, ila wachache ni kahawia kabisa. Viwavi ni manjano-kijani wenye mistari myeusi na kichwa cheusi, na hufika urefu wa sentimita 4. Huanza ndani ya kichaka na chini ya majani, kwa hiyo nje hubaki kijani mpaka wigo umekwisha kuliwa nusu. Nyuzi za utando na mavi ya kijani kati ya vijiti ndizo dalili za mapema. Majani yakiisha, viwavi hula gamba, na hapo kichaka hufa.

Kwenye bustani ndogo viwavi huokotwa kwa mkono au huangushwa kwa mpira wa maji wenye kasi juu ya turubai. Penye mibuksi mingi hutumika bakteria Bacillus thuringiensis, ambayo huua viwavi na haiwadhuru nyuki. Inyunyizwe viwavi wakiwa wadogo na ifike ndani kabisa. Mitego ya harufu hunasa madume tu. Kazi yake ni kuonyesha wakati wa kunyunyiza. Vizazi ni viwili au vitatu kwa mwaka, hivyo ukaguzi huanza Machi na kuendelea hadi Oktoba.

Madhara makubwa zaidi yametokea nje ya bustani. Mwaka 2012 nondo huyu aliingia Sochi, Urusi, katika miche iliyoletwa kutoka Italia ili kupamba mji kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya 2014. Kutoka huko alienea katika misitu ya asili ya Kaukazi ya magharibi, mahali penye mibuksi ya mamia ya miaka, na katika miaka michache sehemu kubwa ya misitu hiyo ikakauka. Huko Georgia mibuksi ya porini ilikuwa imekwisha dhoofishwa na kuvu kabla nondo hajafika.

Mimea mbadala

Bustani nyingi za Ulaya zimeng'oa mibuksi na kupanda Ilex crenata wa Japani, ambao majani yake hufanana sana na ya mbuksi, au Taxus baccata kwa wigo mrefu zaidi. Ilex crenata huhitaji udongo wenye uchachu kidogo, kwa hiyo hausitawi mahali pa chokaa ambapo mbuksi ulikuwa umestarehe.