Udugu wa Kaseti: Historia ya Mashine za Gemu kutoka Kitengela hadi Mashuuru

Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inaeleza waziwazi vitu inavyovilinda. Kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa Kenya, au kuingizwa Kenya, kabla ya mwaka 1895. Milango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki inalindwa pamoja na fremu zake, mradi ilichongwa kabla ya 1946. Hapa Kaunti ya Kajiado, iliko Kitengela na Mashuuru, turathi inapotajwa watu hufikiria shoka za mawe za Olorgesailie, au zile sherehe tatu za rika za Wamaasai, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2018 kuwa zinahitaji kulindwa kwa dharura. Sanduku la plastiki lililochomekwa nyuma ya televisheni ya Great Wall katika miaka ya 1990 halimo popote. Makala haya yanahusu sanduku hilo, watu waliolizunguka, na namna wachache kati yao walivyokuja kupatana tena kupitia intaneti wakitafuta kaseti walizozichezea utotoni.

Michezo yenyewe haijawahi kuwa ngeni kwa wanahistoria wetu. Huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru, ambako Mary Leakey alichimbua mwishoni mwa miaka ya 1930, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba, na wageni hupelekwa kuyaona. Wamaasai nao wana enkeshui, bao lao la safu mbili, na anayekosa ubao huchimba mashimo ardhini akacheza kwa kokoto. Tofauti ni kwamba mwamba wa Hyrax Hill umebaki, ilhali shimo la ardhini limefukiwa na mvua. Ninaamini mashine za gemu za miaka ya 1990 ziko upande wa shimo la ardhini, ndiyo maana nimeona ni vyema kuandika wakati waliozichezea na waliozitengeneza bado wapo.

Mwanzo wake uko Japani. Julai 1983 kampuni ya Nintendo ilitoa mashine iitwayo Famicom, iliyochezeshwa kwa kaseti za kuchomeka. Mashine halisi hazikuufikia ukanda wetu kwa wingi. Zilizofika ni nakala zilizotengenezwa Taiwan na baadaye China bara. Kampuni ya TXC ya Taiwan iliuza zake kwa jina la Micro Genius. Nyingine, Ending-Man, ilibeba picha ya filamu ya Terminator kwenye boksi, na katika nchi nyingi watoto waliiita Terminator tu. Hapa Kenya ziliuzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme kama yale ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, zikapanda basi pamoja na redio na pasi hadi miji ya kando ya barabara ya Namanga.

Ukifungua kaseti ya aina hiyo kwa bisibisi ndogo, utashangaa ilivyo tupu. Ndani ya boksi la plastiki kuna kibao cha saketi kisichojaza hata nusu ya nafasi. Ukingoni mwake kuna meno 60 ya shaba, 30 kila upande, kama ya kaseti za Japani. Zile zilizouzwa Marekani na Ulaya zilikuwa na meno 72. Katikati ya kibao, mahali ambapo kaseti halisi ina chipu zenye miguu na namba, hapa kuna tone jeusi la gundi ngumu. Chipu imefukiwa chini ya gundi hiyo ikiwa uchi, haina jina la kampuni wala namba. Ikiharibika, fundi hana pa kushika. Nje, lebo inaahidi michezo 9999, lakini kila mtoto aliyekuwa na subira ya kuteremsha orodha aligundua kwamba michezo ilikuwa michache tu, na iliyobaki ni ileile ikianzia hatua ya mbele au ikiwa na maisha zaidi.

Kitengela ya wakati huo ilikuwa inabadilika haraka. Sheria ya mwaka 1990 ilikuwa imeanzisha maeneo ya viwanda vya kuuza nje, EPZ, na Athi River ikapata kubwa kati ya hayo. Wafanyakazi walihitaji vyumba vya kupanga, na Kitengela, iliyokuwa mji wa ng'ombe na malori, ikavijenga. (Sensa ya 2019 iliihesabia watu 154,436.) Palipo na vyumba vya kupanga pana watoto wengi wasio na uwanja, na palipo na watoto hao mtu mwenye televisheni na mashine ya gemu ana biashara. Alilipisha shilingi chache kwa zamu, akaweka benchi na pazia la kuzuia jua lisipige kioo.

Mashuuru mambo yalikuwa mengine. Nyumba nyingi hazikuwa na umeme, na burudani ya kioo ilitegemea betri ya gari. Televisheni ndogo ya Great Wall, ile isiyo na rangi, ilipendwa vijijini kwa sababu ilikubali betri ya volti 12. Mwenye betri alipima matumizi yake kwa uangalifu: habari kwanza, kandanda ikiwapo, kisha, ikiwa bado ina nguvu, gemu. Kuipeleka kuchajiwa ilikuwa safari. Kwa hiyo mtoto wa Mashuuru mara nyingi aliijua gemu kwa kwenda mjini likizo kwa binamu, akarudi na masimulizi. Mbinu ya kupata maisha 30 katika gemu ya Contra, juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto na kulia mara mbili, kisha B na A, ilisafiri kwa njia hiyo, mdomo kwa sikio, bila gazeti wala kitabu.

Halafu ikaja PlayStation. Ya kwanza Sony iliitoa Japani Desemba 1994, ya pili Machi 2000, na hiyo ya pili ndiyo iliyoimiliki Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Sony imeuza zaidi ya PS2 milioni 150 duniani, lakini kwetu hesabu ya mashine haisemi mengi, maana moja ilikuwa ya mtaa mzima. Kibanda cha gemu kikawa na sheria zake. Unalipia mechi au unalipia muda. Anayefungwa anasimama, anampisha anayefuata. Padi nzuri ni ya mwenyeji au ya bingwa. Aliyeishiwa pesa anaruhusiwa kutazama, lakini asiguse. Gemu za kandanda, Winning Eleven na baadaye FIFA, zilitawala, na kijana aliyeweza kuwafunga wote Jumamosi alijulikana hadi mtaa wa pili. Wazazi na walimu waliona utoro tu, na hawakukosea kabisa, kwa kuwa wapo walioacha karo mle. Ila hawakuona kwamba mle ndani watoto wa makabila na dini mbalimbali, waliohamia mjini jana na juzi, walikuwa wakijifunza kupanga foleni, kuamua ugomvi na kukubali kushindwa mbele ya watu.

Nguzo ya kibanda alikuwa fundi. PlayStation za awali zilikuwa na kasoro inayojulikana dunia nzima: jicho la leza lilitembea juu ya reli ya plastiki, plastiki ikalika, jicho likainama na kushindwa kusoma sidi. Dawa ya mtaani ilikuwa kuigeuza mashine juu chini ili uzito uelemee upande mwingine. PS2 nayo ilipofika ilihitaji kuchipiwa, yaani kuunganishiwa chipu ndogo kwa nyaya nyembamba kama unywele, zaidi ya ishirini katika chipu za aina fulani, ndipo ikubali sidi za kunakili. Sidi halali zilikuwa ghali mno kwa mwenye kibanda. Fundi alichomelea nyaya hizo chini ya balbu ya kawaida, akisafisha jicho kwa pamba na spiriti, na mashine ilipokufa kabisa hakuitupa. Alitoa jicho akalitia katika nyingine, akatoa feni, akatoa soketi ya padi.

Hapo ndipo ilipo sababu ya uhaba wa mashine za kale katika nyumba za Kajiado. Ng'ambo mkusanyaji hutafuta boksi ambalo halijafunguliwa. Mwaka 2021 nakala ya Super Mario 64 iliyofungwa kiwandani iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 1.5, na mwezi mmoja baadaye Super Mario Bros. ikafika dola milioni 2. Kwetu hakuna aliyenunua mashine ili asiifungue. Ilifanya kazi hadi ikaisha, kisha viungo vyake vikaendelea kufanya kazi ndani ya nyingine. Mkusanyaji wa Kitengela leo anaweza kukuonyesha PS2 moja iliyoundwa kwa sehemu za mashine kadhaa. Mimi naiona ina thamani kubwa zaidi kihistoria kuliko ile ya mnadani, kwa kuwa kila kiraka chake ni ushahidi wa jinsi ilivyotumika.

Kilichowakutanisha tena waliozichezea ni simu na intaneti. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilianza Machi 2007. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, intaneti ikaanza kushuka bei, na simu ikawafikia hata vijana wa Mashuuru wasiowahi kumiliki kompyuta. Waliokuwa watoto wa vibandani sasa walikuwa watu wazima wenye mshahara, na wengi walikuwa wamehama. Wakaanza kutafutana kwenye makundi ya simu, wakiuliza kama kuna mwenye kaseti fulani au padi ambayo waya wake haujakatika. Anayeuza hutuma picha ya upande wa chini wa mashine ili namba ya modeli isomeke, anayenunua hutuma pesa kwa simu, na mzigo hupanda matatu ya 110 hadi Kitengela, kisha gari jingine. Aliyeko mbali husaidiwa na sauti iliyorekodiwa: fungua skrubu hizi, usivute utepe huu, safisha meno ya shaba kwa kifutio cha penseli.

Lakini kilichonivutia zaidi ni mahali walipoupata udugu wao nje ya nchi. Ungetarajia wawapate Wajapani na Wamarekani, wenye Nintendo halisi. Hao walikua na vitu vingine kabisa, vitabu vya maelekezo, magazeti, maduka. Aliyeitambua mara moja kaseti ya michezo 9999 ni Mrusi aliyekua na Dendy, nakala ya Famicom iliyouzwa huko kuanzia 1992. Ni mtu wa Poland aliyekuwa na Pegasus, Mwafrika Kusini aliyekuwa na Golden China, Muajentina aliyeiita yake Family Game. Wote walikua na tone lilelile jeusi la gundi. Wote walitafuta chaneli ya televisheni hadi picha ikatulia, na wote waliamini kwa muda kwamba orodha ina michezo 9999. Wakusanyaji hao ndio waliojipa kazi ya kusoma yaliyomo kwenye chipu zisizo na jina, kuyahifadhi katika faili na kulinganisha nakala ya nchi moja na ya nyingine. Historia hiyo hakuna kampuni iliyoiandika, kwa kuwa waliozitengeneza nakala hawakutaka kujulikana. Kaseti iliyookotwa Kajiado inaweza kuwa na toleo ambalo bado halijasomwa na yeyote, na hapo mchango wa Mkenya ni sawa na wa mtu wa Moscow.

Kuna sehemu nyingine ambayo hakuna atakayetufanyia. Wakenya nao wametengeneza gemu. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, mojawapo ya gemu za kwanza za pande tatu kutengenezwa Afrika ya kusini mwa Sahara, na baadaye akaungana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts. Mwaka 2011 Planet Rackus walitoa Ma3Racer, ya kuendesha matatu, iliyochezwa kwenye simu za Nokia. Mwaka 2015 Andrew Kaggia na Black Division Games wakatoa Nairobi X, ambamo jiji linavamiwa na viumbe kutoka angani. Hakuna kati ya hizi iliyotegemea kaseti. Ziliishi ndani ya kompyuta na simu, na simu za Nokia za enzi hiyo zilipata gemu zake kutoka duka la mtandaoni ambalo lilifungwa mwaka 2015, nafasi yake ikachukuliwa na duka la kampuni nyingine. Kwa hiyo mkusanyaji wa Kenya anayejali historia ya nyumbani hana budi kununua simu kuukuu zenye betri iliyovimba, akitumaini kwamba mwenyewe wa zamani hakufuta kitu.

Vivyo hivyo na sidi. Zile za kunakili zilizouzwa Nairobi miaka ya 2000 zilichomwa kwenye sidi tupu za bei ya chini, ambazo data yake hukaa kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo hufifia kwa joto na mwanga. Baadhi zina menyu na majina ya wachezaji yaliyobadilishwa na watu wasiojulikana, na hazipo mahali pengine. Kwenye mabati ya Kajiado joto halikosekani. Kuzihifadhi si kazi ngumu: ni kuzisoma kwa kompyuta yenye kiendeshi cha sidi, kuandika zilinunuliwa wapi na mwaka gani, kupiga picha jalada la fotokopi lenye mwandiko wa muuzaji, na kumrekodi fundi akieleza chipu alizoziunganisha na bei aliyolipisha. Mafundi waliochipia PS2 za kwanza wengi bado wako kazini, siku hizi wakibadilisha vioo vya simu, na mkononi mwa baadhi yao bado kuna boksi la majicho ya leza ambayo hakuna tena anayeyaulizia.