Ukurasa umeganda na bando lipo: Nini kinatokea ndani ya kivinjari?

Mtu amefungua fomu ya maombi kwenye simu. Jina ameandika, mkoa amechagua, sasa anagusa sehemu ya kuchagua kata. Kimya. Anagusa tena, kimya. Anaskroli, ukurasa unashuka na kupanda vizuri tu. Anarudi kwenye kitufe cha "Tuma", anakigusa mara mbili. Baada ya sekunde nne hivi vyote vinatokea kwa mpigo: orodha inafunguka, inajifunga, na fomu imekwenda mara mbili ikiwa haina kata.

Wengi hapo hulaumu mtandao. Kuna anayezima data na kuiwasha tena, kuna anayenunua bando jingine kabisa. Ni kweli mtandao una makosa yake mengi. Lakini kama ukurasa umeshafunguka wote, maandishi na vitufe vinaonekana, ila haupokei mguso, mshukiwa wa kwanza ni mwingine: msimbo wa JavaScript unaofanya kazi nzito ndani ya simu yenyewe. Kwa tatizo hilo hata 5G haisaidii kitu.

Mhudumu ni mmoja tu

JavaScript ilizaliwa mwaka 1995 katika kampuni ya Netscape ya Marekani, na toleo lake la kwanza Brendan Eich aliliandika kwa siku 10. Kazi zake za mwanzo zilikuwa ndogo ndogo, kama kuhakikisha mtu hajaacha nafasi wazi kwenye fomu. Leo lugha hiyo hiyo inachora ramani, inapunguza ukubwa wa picha kabla hazijatumwa na kupanga orodha zenye maelfu ya majina. Kilichobaki vilevile ni utaratibu wa kuifanya kazi.

Kivinjari huupa ukurasa njia moja kuu ya utekelezaji, ambayo wataalamu huiita uzi mkuu. Uzi huo ndio unaoendesha msimbo, unaopokea miguso, unaopima kila kitu kikae wapi na kuandaa uchoraji wake kwenye kioo. Ni kama duka la Mangi lisilo na kijana wa kusaidia. Mangi huyo huyo anapima sukari, anapokea hela, anapanga rafu. Akiinama kuhesabu stoo nzima, wateja wote dirishani wanasubiri, hata aliyekuja kununua kiberiti tu.

Na kuna sheria moja inayofanya mambo yawe magumu zaidi: kazi ikishaanza kwenye uzi mkuu, haikatishwi na mguso. Inakwenda mpaka mwisho. Miguso inayokuja wakati huo haipotei, inapangwa foleni. Ndiyo maana yule mtu wa fomu aliona vyote vikitokea kwa pamoja.

Kwa nini basi kuskroli kulikubali? Kwa sababu vivinjari vya sasa vina uzi mwingine wa pembeni unaosogeza picha iliyokwishachorwa, bila kumuuliza mkuu, ilimradi ukurasa wenyewe haujaomba kuingilia kila mguso. Baadhi ya michoro inayotembea huendeshwa huko huko pembeni. Kwa hiyo kile kimduara cha kusubiri kinaweza kuzunguka kwa madaha huku ukurasa ukiwa hausikii lolote. Kuzunguka kwake si ushahidi kwamba kuna uhai.

Namba zinazohesabika

Kioo cha kawaida cha simu huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila picha ina takriban milisekunde 16.7 tu za kuandaliwa. Simu zenye vioo vya kasi zaidi zina muda mfupi kuliko huo.

Upande wa binadamu, mtafiti Robert Miller aliandika tangu mwaka 1968 kuhusu muda ambao mtu huvumilia kusubiri jibu la kompyuta. Mwaka 1993 Jakob Nielsen akayapa mambo hayo umaarufu kwa vipimo vitatu: sehemu moja ya kumi ya sekunde mtu huona kitu kimetokea papo hapo, sekunde moja mawazo yake bado hayajakatika, na sekunde 10 ndipo anapoanza kufikiria mambo mengine.

Kutokana na kipimo cha kwanza, vivinjari huhesabu kazi yoyote inayozidi milisekunde 50 kuwa kazi ndefu. Kwa nini 50 na si 100? Mguso ukiingia wakati kazi nyingine ndiyo kwanza imeanza, utasubiri milisekunde 50, halafu zinabaki 50 nyingine za kuujibu. Jumla ni 100, na mtu hajagundua kitu.

Google nao wana kipimo chao kiitwacho INP, kilichoingia rasmi Machi 12, 2024 kuchukua nafasi ya FID. Kile cha zamani kilikuwa na tundu kubwa: kiliangalia mguso wa kwanza peke yake, tena kilihesabu muda wa kusubiri tu, si muda wa kulionesha jibu. Tovuti iliweza kufaulu halafu ikaganda kwenye mguso wa tano. INP inafuatilia miguso ya muda wote ambao mtu yupo ukurasani. Milisekunde 200 kushuka chini ni nzuri, zaidi ya 500 ni mbaya.

Sasa tia hesabu ya simu zetu. Kazi inayochukua milisekunde 40 kwenye kompyuta nzuri ya mtengenezaji haimsumbui. Simu iliyo polepole mara sita itahitaji milisekunde 240 kwa kazi ile ile. Mtengenezaji anasema "kwangu inafanya kazi", na hadanganyi.

Kuivunja kazi vipande

Dawa ya kwanza ni kutofanya yote kwa pumzi moja. Chukua ukurasa unaotakiwa kupitia orodha ya kata zote ili kutafuta jina. Badala ya kuimaliza yote, msimbo unafanya kidogo, unaachia uzi mkuu, kivinjari kinapokea miguso na kuchora, kisha kazi inaendelea ilipoishia.

Kwa miaka mingi hilo limefanywa kwa amri ya setTimeout yenye muda wa sifuri. Inafanya kazi, ila ina mtego. Ikijirudia ndani kwa ndani zaidi ya mara tano, kivinjari hulazimisha kusubiri milisekunde 4 kila mara. Anayeachia njia baada ya kila mstari kwenye orodha ya mistari 20,000 atapoteza sekunde 80 kwa kusubiri tu. Anayepima kwa saa, akafanya kazi milisekunde 40 ndipo aachie, kwa kazi ya sekunde nne atapumzika mara 100 hivi. Hasara yake ni chini ya nusu sekunde. Tofauti ya hao wawili ni mistari michache ya msimbo.

Tatizo la pili la setTimeout ni kwamba kazi iliyosalia inarudishwa mwisho wa foleni, na misimbo mingine, mfano ya matangazo, inaweza kupita mbele. Kwa sababu hiyo Chrome toleo la 129, mwaka 2024, lilileta amri iitwayo scheduler.yield. Hii inaachia njia, lakini kazi iliyokatizwa inapewa kipaumbele kuliko kazi mpya za aina yake. Si kila kivinjari kinayo, hivyo msimbo mzuri hukagua kwanza, ikikosekana unarudi kwa setTimeout.

Hapa kuna kosa ambalo madevelopa wengi wanalipenda: kudhani kuweka neno async mbele ya kazi kunaifanya iwe nyepesi. Hapana. Kama jibu linalosubiriwa tayari lipo, kinachofuata huingia kwenye foleni ndogo ya dharura, ambayo lazima iishe yote kabla kivinjari hakijachora chochote wala kupokea mguso. Ni Mangi kusema "nakuja, nakuja" huku anaendelea kuhesabu stoo.

Kosa la pili linafanana na hilo. Mtengenezaji anaandika maneno "Inatafuta…" kwenye ukurasa, halafu kwenye kazi ile ile anaanza utafutaji mzito. Maneno hayo hayatachorwa mpaka utafutaji uishe, na ukiisha yanafutwa. Hakuna binadamu aliyewahi kuyaona. Kwanza yaandikwe, kitufe cha "Tuma" kizimwe, kivinjari kipewe nafasi ya kuchora, ndipo kazi ianze. Na bado seva iwe na namna ya kuitambua fomu ile ile ikija mara ya pili, maana kuzima kitufe peke yake si ulinzi wa kutosha.

Kazi ya stoo apewe mwingine

Dawa ya pili ni kuajiri kijana wa stoo. Kwenye msimbo anaitwa Worker, na vivinjari vya Firefox na Safari vilikuwa naye tangu mwaka 2009. Ana uzi wake mwenyewe. Akihesabu kwa dakika nzima, ukurasa unaendelea kujibu kama kawaida.

Masharti yake ni mawili. Kwanza, haruhusiwi kugusa ukurasa: hawezi kubadilisha maandishi wala kuongeza kitufe. Anapokea ujumbe, anafanya kazi, anarudisha ujumbe. Pili, data anayopewa kwa kawaida inanakiliwa, na kunakili mzigo mkubwa nako ni kazi inayochukua muda. Data ya aina ya ArrayBuffer inaweza kukabidhiwa moja kwa moja bila nakala, ila aliyeikabidhi hana nayo tena.

Kwa hiyo Worker anafaa kwa kupunguza picha, kusoma faili kubwa la jedwali, kufungua data iliyofichwa kwa msimbo wa siri au kutafuta ndani ya orodha ndefu. Hafai kwa kuonesha mistari 20,000 kwenye kioo, maana uchoraji bado ni wa mkuu. Hapo ni kuchora mistari inayoonekana tu na kuongeza mingine mtu anaposhuka. Hakuna simu inayoonesha mistari 20,000 kwa wakati mmoja.

Na kabla ya yote hayo, wakati mwingine kazi yenyewe haikuhitajika. Kisanduku cha kutafuta kinachoanza upya kwa kila herufi kinafanya kazi nane kwa neno "Kinondoni" kabla herufi ya tisa haijaandikwa. Kusubiri mtu atulie kwa robo sekunde kunatosha.

Wanaotumia React, maktaba iliyotoka Facebook, wamefanyiwa sehemu ya kazi hii. Toleo la 16 la mwaka 2017 liliandikwa upya ili uchoraji uweze kukatwa vipande, na toleo la 18 la mwaka 2022 likawapa watengenezaji njia rasmi ya kuutumia uwezo huo. Lakini hesabu nzito aliyoiandika mtengenezaji mwenyewe, React haiikati.

Kabla ya kununua bando jingine

Kwa mwenye simu, jaribio rahisi ni kufungua ukurasa mwingine mwepesi kwenye kichupo kipya. Ukifunguka, mtandao upo na mgonjwa ni ule ukurasa wa kwanza. Acha kuugusa gusa, kwa sababu kila mguso unaongeza foleni. Kivinjari kikileta kisanduku cha kuuliza usubiri au uufunge ukurasa, na ulikuwa unatuma fomu au malipo, subiri kidogo kwanza. Ukilazimika kufunga, kagua ujumbe mfupi au barua pepe ya uthibitisho kabla ya kutuma tena.

Kwa mtengenezaji, sehemu ya Performance ndani ya zana za Chrome hurekodi kila kazi na kuitia alama nyekundu ile iliyopita milisekunde 50. Pale pale kuna chaguo la kuipunguza kasi prosesa mara nne au mara sita. Ni kipimo cha kukadiria tu. Kilicho bora ni simu ya Android ya bei ndogo, waya wa USB, na anwani ya chrome://inspect kwenye kompyuta: ukurasa unafunguliwa kwenye simu, na kila kazi ndefu inaonekana kwenye kompyuta pamoja na mstari wa msimbo ulioianzisha.